Filamu ya mwanafunzi isitengenezwe kwa nauli ya mwigizaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotugusa waigizaji wa Dar es Salaam na wenzetu wa Bagamoyo, Arusha na Zanzibar, hasa inapofika miezi ya wanafunzi wa filamu kukamilisha kazi zao za mwisho. Miezi hiyo makundi yetu ya WhatsApp hujaa matangazo ya aina moja: anahitajika mama wa makamo, anahitajika kijana mrefu anayejua kuendesha pikipiki, siku tatu za kushuti, hakuna malipo ila chakula kipo. Siku hizi hata chakula hakitajwi. Kinachotajwa ni kwamba utajulikana.

Sidai kila mwanafunzi amlipe mwigizaji kama kampuni ya matangazo inavyolipa. Ujira unaweza kusamehewa na mwenye jasho lake, kwa hiari yake. Lakini nauli, chakula na karatasi iliyosainiwa kabla kamera haijawashwa, hivyo visisamehewe. Na dhamana ya kuhakikisha vipo ni ya chuo.

Tuangalie nani anapata nini kwenye seti ya mwanafunzi. Muongozaji anapata alama za kuongoza. Mpiga picha anapata alama za picha, wa sauti za sauti, na anayekata na kuunga picha anapata zake. Wiki inayofuata wanabadilishana: aliyeshika kipaza sauti anakuwa muongozaji, na aliyekuwa muongozaji anabeba taa. Leo kwangu, kesho kwako. Mzunguko huo ni wa haki na sioni kwa nini walipane. Ila mwigizaji aliyetoka nje ya chuo hayumo ndani yake. Hana alama anazosubiri, hana shahada itakayotokana na kazi ile, na siku akiwa na igizo lake mtaani hatokei mwanafunzi wa kumsaidia kufunga pazia. Watu wote pale wanapokea kitu, yeye anatoa tu.

Wapo waigizaji wanafunzi, na hao suala lao ni jepesi zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, vinafundisha uigizaji sambamba na utengenezaji wa filamu, kwa hiyo mwanafunzi wa uigizaji anayecheza filamu ya mwenzake anaweza kupewa alama za kazi hiyo kwenye somo lake. Hapo mizani inakaa sawa. Mimi nawasemea wale wanaoitwa kutoka mtaani kwa sababu darasani hakuna mtu wa umri wao.

Ombi lenyewe haliji kama ombi la kazi. Linaanza na shikamoo. "Mama, sisi ni wanao, tusaidie tumalize chuo." Mtu mzima aliyelelewa huku kwetu, akiitwa mama na mtoto mwenye hofu ya kufeli, atajibu nini? Nimekwenda mara nyingi na wengine ningewaendea tena kesho. Lakini heshima hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mwigizaji mdomo. Anaona haya kuuliza kama nauli ipo, watamaliza saa ngapi, filamu itaonyeshwa wapi. Akiuliza, anaambiwa keshakuwa staa. Muongozaji naye, kwa kuwa hakuulizwa, hajibu, na hata hajui kwamba kuna swali.

Watu wanaposema mwigizaji amecheza bure, wanadhani hakuna aliyetoa fedha. Fedha zimetoka, ila mfukoni mwa mwigizaji. Ametoka Mbagala kwa daladala mbili kwenda lokesheni iliyoko Bunju. Wameahidi kumaliza saa kumi na moja jioni, wamemaliza saa tano usiku, magari yamepungua, amerudi kwa bodaboda. Kitenge cha msiba alichovaa ni chake, poda ni yake, na kilichochanika kwenye sini ya ugomvi hakishonwi na mtu. Juu ya hapo, waigizaji wengi wa mji huu hawaishi kwa kuigiza. Kuna anayeuza vitenge, kuna anayefundisha tuisheni, kuna anayeshika maiki kwenye kichen pati na harusi. Wanafunzi hupenda kushuti Jumamosi kwa kuwa hawana vipindi, na Jumamosi ndiyo siku ya harusi. Mshehereshaji akikubali kucheza filamu siku hiyo, ameacha fedha ya wiki nzima mezani kwa watu.

Najua nitajibiwa kwamba masomo yana utaratibu wake na haiwezekani kulipa watu darasani. Inawezekana, na udaktari ulishaonyesha. Mwaka 1963 daktari wa mishipa ya fahamu, Howard Barrows, wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Los Angeles, alianza kumtumia mtu mwenye afya njema aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, ili wanafunzi wapimwe jinsi wanavyomhoji na kumkagua. Wapo waliombeza kwamba anaingiza mambo ya Hollywood kwenye udaktari. Leo vyuo vya udaktari vya nchi nyingi vina wagonjwa wa namna hiyo, miongoni mwao waigizaji, na ni kawaida kulipwa kwa saa. Vyuo vya uchoraji vya Ulaya navyo humlipa mtu anayekaa mbele ya wanafunzi wakamchora. Kote huko chuo kimekubali kwamba binadamu aliyeletwa ili mwanafunzi ajifunzie kwake ni sehemu ya gharama ya kufundisha, sawa na maabara. Nashindwa kuelewa kwa nini fani ya filamu, inayoishi kwa waigizaji, iwe ya mwisho kulikubali hilo.

Hata pale ambapo ujira hautolewi, utaratibu upo. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kina mkataba maalumu wa filamu za wanafunzi. Mwigizaji anakubali ujira wake usubiri. Filamu ikibaki darasani na kwenye matamasha, hadai. Ikianza kuuzwa, anadai. Sipendekezi tuunakili mkataba wa watu neno kwa neno, kwa kuwa wao wana chama chenye nguvu na sisi bado tunajenga vyetu. Ninachokipenda ni mpangilio wake: makubaliano yanatangulia, kazi inafuata, na kila upande unajua fedha ikija itagawanywaje.

Kwa nini nasisitiza karatasi itangulie kamera? Mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa ulinzi wa wasanii wanaoonyesha kazi zao, ulimwacha pembeni mwigizaji wa filamu. Kifungu chake cha 19 kinasema msanii akishakubali kuingizwa kwenye picha zinazotembea, haki alizopewa na kifungu cha 7, za kuzuia onyesho lake lisirekodiwe wala kurushwa hewani bila idhini yake, zinakoma. Mwanamuziki alibaki na kinga ambayo mwigizaji alinyimwa. Ilibidi tungoje hadi 2012, mataifa yalipokutana Beijing na kupitisha mkataba wa maonyesho ya picha na sauti, nao ukaanza kutumika Aprili 28, 2020. Karibu miaka sitini! Hapa nyumbani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtaja msanii wa maonyesho na kumpa haki zake, lakini hakuna ofisi itakayomsaidia mtu asiye na hata kipande cha karatasi kinachoonyesha alikubali nini na kwa matumizi gani. Nguvu ya mwigizaji ni ule muda kabla hajasema ndiyo. Kamera ikishazunguka, imekwisha.

Na ile kauli ya "hii ni ya shule tu" haina uzito iliyokuwa nao enzi ambapo filamu ya mwanafunzi iliishia kabatini kwa mwalimu. Sasa inapandishwa YouTube wiki ile ile ya kupewa alama. Chaneli ikifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, mwenye nayo anaweza kuomba kuwekewa matangazo na kulipwa. Mwanafunzi mwenye bidii anafika hapo, na nampongeza. Lakini uso uliomfikisha hapo ni wa nani? Mimi mwenyewe nilicheza filamu ya kuhitimu ya mwanafunzi wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Niliahidiwa nakala, sikuipata. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha vipande vyake mtandaoni, vimekatwakatwa, na mbele yake kuna tangazo la biashara. Iliniuma, na iliyoniuma zaidi ni nakala. Mwigizaji anayetafuta nafasi kwenye tamthilia anaombwa video ya kazi zake. Kama nimekubali kutolipwa ili nipate sini mbili nzuri za kuonyesha, basi zile sini ndizo ujira wangu, na asiyenipa amekula ujira wangu.

Sitaki wanafunzi wabebeshwe lawama hii yote. Wengi wao wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, wananunua wenyewe diski za kuhifadhia picha, wanalala njaa ili wakodi lenzi. Ndiyo maana naelekeza barua hii kwa vyuo. Chuo ndicho kilichoandika kwamba mtu hahitimu bila kutengeneza filamu. Chuo ndicho kinachopokea ada na kupanga bajeti ya kamera, taa na studio. Filamu ya hadithi haitengenezwi bila mwigizaji, kwa hiyo aliyeweka sharti la filamu ameweka sharti la mwigizaji pia. Kwenye bajeti hiyo iwepo sehemu ya nauli na chakula cha waigizaji wa nje. Iwepo fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayotaja siku na saa za kazi, inayotaja tarehe ya mwigizaji kupewa nakala, na inayosema filamu ikiingiza fedha yeye anapata kiasi gani. Mwalimu asiipe alama filamu isiyo na fomu hizo. Matamasha mengi hukataa filamu iliyowekewa muziki wa mtu bila ruhusa yake, na wanafunzi wamejifunza kuomba ruhusa ya muziki. Sura ya mtu haiwezi kuwa na thamani ndogo kuliko wimbo wake.

Chuo kitakachofanya hivyo kitatoa waongozaji bora. Nasema kwa uzoefu wa kusimama mbele yao. Muongozaji ambaye muda wa mwigizaji haumgharimu chochote hajifunzi kuupanga. Anarudia sini asubuhi nzima bila kujua anatafuta nini, anamwita mtu saa moja asubuhi kwa kazi ya saa tisa alasiri. Akihitimu na kupata mwekezaji, tabia anayo tayari: fedha inagawanywa kwenye vifaa, ukumbi, mavazi, na mwigizaji anaambiwa asubiri filamu iuzwe. Malalamiko ya malipo tunayoyasikia kila mwaka kwenye tasnia yetu, kwa sehemu kubwa naamini yanapandwa darasani.

Kuna vijana wa uigizaji watakaonisoma na kukasirika. Wao wanataka hizo nafasi, wanahitaji mazoezi, wanaogopa tukidai sana wanafunzi watawaacha na kuwachukua marafiki zao. Nawaelewa, na sitaki mlango wao ufungwe. Kijana akikubali kucheza bila ujira, hiyo ni hiari yake. Lakini hiari ina maana pale mtu anapojua anakubali nini, na kijana wa miaka 19 aliyetoka Morogoro juzi ndiye anayehitaji ile karatasi kuliko sisi wakongwe.

Kwa watoto sina nafasi ya hiari. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena nyepesi, na inakataza kumwajiri mtoto usiku. Nimeona watoto wadogo wakisinzia kwenye lokesheni za wanafunzi saa nne usiku huku mzazi yuko nyumbani. Hilo likome hata kabla ya mambo ya nauli kuzungumzwa.

Vyuo vyetu vingi hufungua mwaka wa masomo Oktoba na Novemba. Wakuu wa idara za filamu wana muda wa kuandaa fomu hiyo na kutenga fungu la nauli kabla wanafunzi wapya hawajaanza kuandika skripti. Wakituita tukaiandike pamoja nao, tutakwenda.

Mwigizaji wa jukwaani na tamthilia,
Kinondoni, Dar es Salaam