Umati wa Moshi ni breki ya bure

Moshi, mwishoni mwa Januari

Shoga yangu,

Salamu kutoka Moshi. Jua linawaka kwelikweli na mlima tunauona asubuhi tu, kabla mawingu hayajaufunika. Barua yako nimeipata. Umeuliza mengi kuhusu nusu marathoni ya Kilimanjaro utakayokimbia Februari, lakini naona linalokukosesha usingizi ni moja: umezoea kukimbia peke yako alfajiri kando ya bahari, na sasa unaingia barabara yenye maelfu ya watu. Nitaanza na hilo.

Nusu marathoni ya Kilimanjaro ina tabia yake. Unatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, penye yapata mita 830 kutoka usawa wa bahari, unapanda kuelekea Mweka, kijiji kilicho kwenye miteremko ya mlima, na kule juu kabla hujaanza kushuka uko karibu mita 1,150. Hizo ni kama mita 300 za kupanda ndani ya kilomita kumi na ushei, kisha unazirudisha zote kwenye mteremko. Anayetoka kwa kasi pale chini anazimikia Mweka. Kwa hiyo huo umati unaokutisha ni breki ya bure. Utakulazimisha kwenda polepole mahali ambapo ungepaswa kwenda polepole hata kama barabara ingekuwa yako peke yako.

Kundi likijipanga, usisimame mbele. Mbele ni kwa wale wa saa moja na dakika kadhaa, ingawa hutakosa kumkuta na anayepiga selfi. Uliza waliokuzunguka: "Unatarajia ngapi?" Ukimpata wa saa mbili na dakika kumi kama wewe, ganda hapo. Ukijiweka mbele kuliko uwezo wako utasukumwa na kupitwa kulia na kushoto kilomita mbili nzima, na mtu anayepitwa na kila mtu huongeza mwendo bila kujua.

Mlio wa kuanza ukilia hamtaondoka. Mtatembea hatua kumi, mtasimama, mtatembea tena, kwa sababu kundi ni pana na mstari ni mwembamba, kama mchanga kwenye shingo ya chupa. Dakika tatu au nne zinaweza kupita kabla hujaufikia mkeka wa kupimia muda uliotandikwa kwenye mstari. Usibonyeze saa yako mapema. Chipu iliyobandikwa kwenye namba yako ya kifuani huanza kukuhesabia ukikanyaga mkeka, na muda wa mlio ni habari ya wanaogombea zawadi. Ndiyo maana namba haikunjwi, haitobolewi ovyo, wala haifunikwi na mkoba wa kiunoni. Ibane kifuani kwa pini nne, moja kila pembe, ukiwa umesimama na umevuta pumzi, isije ikakubana ukianza kuhema.

Ndani ya kundi fupisha hatua, pandisha mikono kidogo kuliko kawaida na viwiko vitoke nje kiasi. Huo si ugomvi, ni kujiwekea nafasi ya kifua. Usitazame visigino vya aliye mbele yako, tazama juu ya bega lake, mita kumi hivi mbele, ili uone wimbi linavyokuja: wale wakipunguza, sekunde mbili baadaye na wewe utapunguza. Watu huanguka kwa kukanyagiwa kamba za viatu, kwa tuta la barabarani ambalo hawakuliona kwa sababu ya miguu ya watu, kwa chupa tupu inayobingirika chini ya soli, na kwa mtu aliyesimama ghafla. Kamba funga fundo mbili na mikia uichomeke ndani. Ukitaka kutembea au kufunga kiatu, nyoosha mkono juu, sogea kushoto taratibu hadi ukingoni, ndipo usimame. Na vile vidude vya masikioni viache nyumbani, maana anayetaka kupita atakuambia "kulia!" na unapaswa kumsikia.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupenyapenya. Unamwona mwenye mwendo mdogo, unaruka kushoto, unakuta ukuta wa watu watano wameshikana mikono, unarudi kulia, unakaza kupita pengo kabla halijafunga. Kila pengo ni mbio fupi ya kasi. Ukifanya hivyo mara thelathini kwenye kilomita mbili za kwanza, umefanya mazoezi ya kasi kabla ya kupanda mlima, na miguu italipa deni hilo kule juu. Tena umejiongezea njia. Marathoni zinazotambuliwa kimataifa hupimwa kwa kufuata njia fupi kuliko zote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili zisije zikapungua. Hakuna anayeweza kukimbia mstari huo ndani ya umati. Ndiyo maana saa ya mkononi mara nyingi husoma kilomita 21.3 au 21.4 badala ya 21.1. Kwa lengo lako la saa 2 na dakika 10 pesi, yaani muda wa kila kilomita, ni 6:10, lakini kama saa itakusomea 21.4, hiyo 6:10 itakufikisha kwa 2:12. Pesi ya wastani kwenye saa yako inatakiwa iwe 6:05. Hata hivyo usihangaike nayo wakati wa kupanda, nitakuambia kwa nini. Cha kufanya ni kutazama kona inayofuata mapema na kujongea upande wake kidogo kidogo.

Sasa mlima. Gawanya muda wako hivi: dakika 70 kwenda, dakika 60 kurudi. Ni kama 6:38 kwa kila kilomita ukipanda na 5:41 ukishuka. Zile kilomita mbili za msongamano ukizikimbia kwa 6:50 hujapoteza kitu, na usizifidie kwenye ya tatu. Ukipanda, kipimo chako kiwe pumzi: uweze kusema sentensi fupi. Ukishindwa, punguza, hata kama bibi wa miaka sitini anakupita. Kutembea dakika moja pale penye mwinuko mkali si aibu, na mara nyingi hakuna tofauti kubwa na huko kujikokota.

Kushuka ndiko kunakowadanganya watu wa Dar. Mapafu yanapumzika, unajiona simba, lakini misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya kuzuia mwili kila hatua, ikivutwa huku imekaza, na kazi hiyo ndiyo inayoumiza. Ukitupa mguu mbele na kutua kwa kisigino, unapiga breki mara elfu kadhaa. Egemea mbele kidogo kuanzia vifundoni, hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili. Vidole vikigonga mbele ya kiatu kucha zitakuwa nyeusi, basi zikate siku tatu kabla, na kamba uzipitishe kwenye tundu lile la mwisho la juu ambalo wengi hawalitumii, ili kisigino kisiteleze. Dar kwa kiasi kikubwa ni tambarare, lakini vilima vya Mlimani kuzunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinatosha, na Pugu pia. Fanya mazoezi ya kushuka mara tatu, na ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya mbio. Mapaja yakishaumia mara moja hujifunza, mara ya pili hayaumii vile.

Meza za maji ni vurugu tupu. Watu wote hukimbilia meza ya kwanza na kusimama hapohapo. Pita, chukua meza ya mwisho, kutoka kwa mtu anayekutazama machoni, na umwonyeshe kwa kidole kabla hujafika. Kikombe kibane juu kiwe kama mdomo wa birika, unywe mafunda mawili matatu. Ikiwa ni chupa, kunywa, mwagia shingo, tembea nayo hadi pembeni ndipo uitupe. Robo glasi hadi nusu glasi kwa kila meza inatosha kwa wengi, ukiwa na kiu ongeza. Kunywa kupita kiasi ni hatari kweli, hasa kwa sisi tunaokaa barabarani zaidi ya saa mbili, kwa kuwa maji mengi hupunguza chumvi ya damu. Ukisikia tumbo limejaa, kichwa kinauma na vidole vimevimba, acha kunywa na umtafute mhudumu wa afya.

Mengine kwa ufupi. Namba hugawiwa Dar, Arusha na Moshi siku zinazotangulia, chukua hukohuko Dar, na usitegemee kuipata asubuhi ya mbio. Usiku wa kuamkia siku hiyo kula wali au ugali na mboga kidogo, maharage acha, na mbege, ile pombe ya ndizi, itakusubiri. Asubuhi, saa mbili na nusu kabla, vipande viwili vya mkate, ndizi mbivu moja na chai. Foleni ya choo ni ndefu kuliko unavyodhani, basi jiunge nayo hata kabla hujabanwa, na karatasi yako iwe mfukoni. Mafuta ya mgando paka makwapani, katikati ya mapaja na chini ya mkanda wa sidiria. Pale chini ya mkanda ndipo wanawake wengi huchubuka na kugundua wakiwa bafuni.

Alfajiri kuna kibaridi, jifunge kanga mabegani na unikabidhi dakika za mwisho. Tukubaliane sasa mahali pa kukutana, kwa sababu watu wakijaa simu huwa hazipatikani: tuseme nje ya uwanja, upande wa kivuli, saa nzima baada ya muda unaotarajia. Ukimaliza usikae chini. Tembea dakika kumi, halafu kula kitu chenye chumvi.

Niandikie raba zako zina kilomita ngapi. Kama zile mpya hazijafika hamsini, uje na kuukuu.

Shoga yako