Chagua mahali kwa sikio

Shela, Malindi

Mwandani wangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na swali lako nimelipenda: bendi ya roki Metallica wakija huko Uingereza, ukate tikiti ya kusimama mbele kabisa au ya wapi? Jibu langu ni kwamba mbele usikutafute, kwa sababu hakuna. Jukwaa la ziara yao ya M72, waliyoianzia Amsterdam Aprili 2023, ni mfano wa pete iliyolazwa katikati ya uwanja, na tundu la pete hujaa watu. Hapo katikati wenyewe hupaita Snake Pit. Seti za ngoma ziko 4, zimepangwa kuizunguka pete, na mpiga ngoma wao Lars Ulrich huhama kutoka moja hadi nyingine ili kila upande upate zamu yake. Basi popote utakapokuwa, James Hetfield, mwimbaji na mpiga gita, atakupa uso kwa nyimbo kadhaa na mgongo kwa nyingine. Ukishakubaliana na hilo, mahali pa kusimama pachague kwa sikio.

Spika kubwa zimetundikwa juu ya minara inayolizunguka jukwaa, pamoja na skrini. Umeme huifikia minara yote kwa pamoja, lakini sauti hewani yaenda kama mita 340 tu kwa sekunde. Mnara ulio mbali nawe kwa mita 34 zaidi ya ule wa karibu yako, sauti yake itakufikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Kwa wimbo wa polepole si kitu. Kwa Hetfield, anayepiga nyuzi kwa mkono wa kulia ukishuka tu, haraka haraka, kila pigo likikatwa kwa kiganja, hiyo sehemu ya kumi yatosha kuugeuza wimbo uji. Mafundi hurekebisha mitambo ili kupunguza mgongano huo, ila hawawezi kumtengenezea kila mtu mahali alipo. Wewe jitengenezee: simama au keti panapotawaliwa na mnara mmoja, usikae katikati ya miwili.

Besi ina tabia yake. Wimbi la mdundo wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na mawimbi ya spika mbalimbali yakikutana, mahali pengine hujumlishana na mahali pengine huuana. Ndiyo maana hatua tatu nne zaweza kukutoa kwenye kishindo kinachotikisa kifua hadi mahali ambapo ngoma ya mguu haina uzito wowote. Ukiona besi imepotea, usimlaumu fundi wa kuchanganya sauti, sogea kwanza. Na jitenge na ukuta. Unazijua harusi za Langoni, spika zikiegemezwa ukuta wa mawe kichochoroni: besi yafura, maneno ya mwimbaji yamezwa. Uwanjani ni vivyo hivyo kwa viti vya nyuma kabisa vilivyo chini ya paa la zege. Sauti nyembamba huzuiwa na paa, nzito hujilimbikiza. Tikiti hizo wakikuuzia kwa bei nafuu, ziache.

Upepo nao huna la kuufanya. Adhana ya alfajiri hapa Malindi, kusi ikivuma, mara iko dirishani mara imetoweka. Na gita la Kirk Hammett litakufanyia hivyo hivyo uwanja ukiwa wazi. Kadiri ulivyo mbali na spika ndivyo utakavyolisikia likiyumba.

Kama ningekuchagulia, ningechagua viti vya ngazi ya chini, safu za kati, mkabala na mnara mmoja. Snake Pit ni kwa mwenye kiu ya macho. Na kuna jambo lingine la pesa: kwenye miji wanayopiga siku mbili, hawarudii wimbo hata mmoja. Bei ya kusimama karibu usiku mmoja, ikitosha viti vya kawaida vya usiku wote wawili, nenda mara mbili.

Sasa masikio, na hapa nakusihi kwa dhati, akhi. Kikomo kinachotumiwa kulinda wafanyakazi ni desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15, na onyesho la roki huchukua saa mbili. Nunua vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa sauti nene na nyembamba karibu sawasawa. Vya sponji vyalinda vizuri, ila huzima zaidi sauti nyembamba, ukasikia kama uliyejifunika blanketi. Ukivitumia, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kitie, ukishikilie nusu dakika kifure ndani. Kosa la wengi ni kukiacha nusu nje. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe itakuvumia kichwani. Pamba na karatasi hazisaidii. Vivae kabla bendi ya utangulizi haijaanza, na masikio yakivuma hadi kesho yake jioni, muone daktari.

Mwisho, gita lako. Najua utataka kujifua na nyimbo zao chumbani kabla ya siku yenyewe. Kwenye albamu zao za miaka ya themanini nyimbo nyingi zimepigwa nyuzi zikiwa kwenye E ya kawaida, lakini jukwaani, tangu miaka ya tisini, hushusha nyuzi nusu toni, kwa faida ya koo la Hetfield. Legeza nyuzi zako zote nusu toni ndipo utazoea uzito utakaousikia, hasa besi ya Robert Trujillo, anayepiga kwa vidole: mwanzo wa noti ni laini kuliko wa kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, kwa hiyo unahitaji kuitega sikio.

Niandikie ukishajua nambari ya kiti, pamoja na ramani ya uwanja, nikuambie mnara upi ni wako.

Wasalaam,
Mwandani wako wa Malindi