Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Historia ya Atlasi ya Goode

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa Klabu ya Jiografia tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kutufungulia chumba hiki cha ramani. Tumeomba ruhusa ya uongozi wa shule tuutumie muda wetu kueleza historia ya kitabu kimoja kilichopo hapa mezani, yaani atlasi ya shule ya Goode, kwa sababu historia hiyo inaligusa bara letu kwa namna ambayo wengi wetu hatukuifahamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, John Paul Goode alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, akaja kuwa profesa wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Zama zake, ramani ya dunia iliyotundikwa katika madarasa mengi ilikuwa ile iliyobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569. Ramani hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, na kwao ina faida kubwa hadi leo, kwani nahodha akipiga mstari mnyoofu kutoka bandari moja hadi nyingine anaweza kuufuata kwa dira bila kubadili mwelekeo. Lakini ili mistari hiyo inyooke, nchi hulazimika kukuzwa kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta, na kwenye latitudo ya digrii 60 eneo huonekana mara nne ya lilivyo. Goode aliwaeleza wanajiografia wenzake waziwazi kwamba ramani ya chomboni haikufaa kumfundishia mtoto ukubwa wa nchi.

Jambo hilo tumelipima wenyewe. Tuliweka karatasi laini ya miraba juu ya ramani ya Mercator, tukafuatisha mipaka kwa penseli na kuhesabu miraba. Tanzania, yenye takriban kilomita za mraba 945,000, ni kubwa mara mbili ya Uswidi, lakini katika ramani hiyo Uswidi ndiyo inayoonekana kuwa kubwa karibu mara mbili ya Tanzania. Greenland nayo huonekana kulingana na Afrika nzima, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Tulirudia kuhesabu, kwa kuwa baadhi yetu hawakuamini.

Goode hakuishia kulalamika. Mwaka 1923 alibuni ramani inayolinda ukubwa wa kweli wa kila nchi. Aliunganisha michoro miwili ya zamani, mmoja ukitumika kuanzia ikweta hadi digrii 40 na dakika 44 kaskazini na kusini, na mwingine kutoka hapo hadi kwenye ncha za dunia. Kisha, ili mabara yasipindike, aliipasua ramani baharini, ikatandazwa kama ganda la chungwa lililomenywa kwa uangalifu. Upande wa kaskazini alipasua mara moja, katika Atlantiki, na upande wa kusini mara tatu. Ukiutazama ukurasa huo utaona kwamba Afrika imebaki nzima katikati, bila mkato hata mmoja, na kwamba njia ya majahazi kutoka Zanzibar hadi Maskati na pwani ya Malabar nayo haikukatwa. Ni kweli kwamba Atlantiki na Pasifiki zimechanwa, na anayetaka kufundisha safari za bahari hizo atafute ramani nyingine. Ila kwa somo la mvua, mazao au wingi wa watu, ambapo eneo ndilo linalolinganishwa, sisi tunaona Goode alichagua vema.

Atlasi yenyewe ilianza kuchapishwa na kampuni ya Rand McNally ya Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pamoja nayo, Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha ramani tupu za Goode, ambazo mwanafunzi alizijaza mwenyewe kwa kalamu. Goode alifariki mwaka 1932, na kazi ikapokelewa na wengine, hasa Edward Espenshade wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyeihariri kwa takriban nusu karne. Toleo la 20 lilipotoka mwaka 2000, jina lake lilikuwa bado miongoni mwa wahariri. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwaka 1960 pekee nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Tanganyika na Zanzibar zikaungana mwaka 1964, na Kongo ikawa Zaire mwaka 1971 kabla ya kurejea jina lake mwaka 1997. Kila badiliko la namna hiyo lilimlazimu mhariri kurekebisha ramani na faharasa pia, ambayo humwelekeza msomaji namna ya kutamka majina ya mahali. Tunaamini atlasi hii imedumu kwa sababu hapakuwa na toleo lililohesabiwa kuwa la mwisho.

Hoja ya Goode ingali hai. Mwaka 2018 wataalamu watatu walitoa ramani mpya iitwayo Equal Earth, inayolinda eneo la kila nchi bila kuzipasua bahari, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya Mercator katika matumizi ya kawaida.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunaleta kwako maombi mawili. Ramani kubwa ya dunia iliyopo katika madarasa yetu ni ya Mercator. Tunaomba utusaidie kupata ramani za ukutani zenye maeneo sahihi, moja kwa kila kidato. Pia tunaomba karatasi na wino wa mashine ya kurudufu, ili tuchapishe ramani tupu ambazo wanafunzi wa kidato cha kwanza watazijaza kwa mikono yao wakiwa na atlasi pembeni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Jiografia