Harambee ya Nyumba ya Kufikia: Mama Anayedai Haki Apate pa Kulala

Ndugu washirika, jamaa, marafiki na wakazi wote wa Malindi na vitongoji vyake, Bwana asifiwe. Majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wito huu ni wenu pia, kwa sababu wanawake tunaowazungumzia wanatoka kwenu na kwetu.

Sisi kina mama wa ushirika huu tunaitisha harambee ya shilingi milioni 2.4. Tunataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu na jiko nyuma ya kanisa, kwenye kiwanja ambacho baraza la kanisa limeshatukubalia. Itakuwa nyumba ya kufikia wanawake wanaokuja mjini kwa kesi: mjane anayepigania shamba la marehemu mumewe, mama aliyemripoti mtu aliyemnajisi binti yake, bibi aliyesingiziwa uchawi na sasa haogopi giza bali watu wa kwake. Walale hapo usiku wa kuamkia kesi, na yule anayetishwa akae mpaka iwe salama kurudi.

Wengine wametushauri tufanye semina ya kuwahamasisha wanawake wapaze sauti. Tunawashukuru kwa nia njema, ila hatukubaliani nao. Wanawake wa Magarini na Ganze hawana haja ya kufundishwa kusema. Wanasimama barazani mbele ya chifu wakasema. Wanawaambia wakwe zao usoni. Kinachowaangusha ni yale yanayofuata baada ya kusema: nauli, pa kulala, chakula cha mtoto, na vitisho vinavyowangojea nyumbani.

Mwaka jana tulimpata mama mmoja, jina lake tutalihifadhi. Kesi yake ilipangwa saa tatu asubuhi, na matatu ya kwanza ya kutoka kwao haifiki mjini kabla ya saa nne. Kwa hiyo alikuja siku moja kabla, akalala kwenye baraza ya duka karibu na stendi, na mtoto mchanga kifuani. Karatasi zake zote, yaani cheti cha kifo, barua ya chifu, nakala ya kitambulisho cha marehemu na risiti, alikuwa amezitia ndani ya mfuko wa unga, akauviringisha kwa leso na kuufunga kiunoni ndani ya gauni. Za kwanza zilichomwa na shemeji zake. Aliyemwona alfajiri ni mwenzetu anayeuza mahamri na mbaazi pale stendi. Alimpa chai, akamwogeshea mtoto, akamsindikiza. Kesi ikaahirishwa kwa kuwa upande wa pili haukufika, na yule mama akauliza swali moja tu: tarehe nyingine ni lini, ili aanze kutafuta nauli.

Asiyewahi kufungua mirathi hudhani ni jambo la siku moja. Kwanza unatafuta cheti cha kifo. Kisha barua ya chifu inayowataja warithi wote, na hapo tayari kuna ugomvi kama marehemu alikuwa na wake wawili au kama wapo wasiotaka jina la mjane litajwe. Unapeleka ombi mahakamani, tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hati ya kusimamia mali ya marehemu ikitoka, kwa kawaida inangojwa miezi sita ndipo ithibitishwe na shamba ligawanywe. Hiyo ni pale ambapo hakuna aliyepinga. Shemeji wakipinga, watoto wanaweza kumaliza shule kesi ingali inatajwa. Kila kuitwa ni nauli, ni kibarua cha siku kilichopotea, ni watoto walioachwa kwa jirani ambaye naye ana wake.

Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Wahenga walisema mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, na Katiba ilikuja kulikataa neno hilo. Lakini mjane anapokosa nauli ya kwenda kusikilizwa mara ya nne, mwenye nguvu ameshinda bila hata kufungua kinywa mbele ya hakimu.

Hapa Malindi tuna sanamu ya Mekatilili wa Menza. Watoto wetu wanapigwa picha mbele yake, nasi tunajivunia. Mwaka 1913, Waingereza walipokuwa wakidai kodi na kutaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba yao, mjane huyu alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipokusanyika akawaambia wakatae. Wanawake kwa wanaume wakala kiapo Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Mwaka huohuo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika upinzani huo, wakapelekwa Kisii, ng'ambo ya pili ya nchi, na mwaka 1914 wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba kifudu hakichezwi na mtu mmoja. Wapo waliomwitikia, wapo waliompa maji na ugali, na wapo waliomfungulia mlango usiku wakijua askari wanamtafuta. Hao hawana sanamu, lakini bila wao asingefika kijiji cha pili.

Na kanisa lina historia yake katika jambo hili. Tarehe 28 Februari 1992, kina mama wazee, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani aliyekuwa gerezani wakati huo, walikwenda Uhuru Park jijini Nairobi pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakaanza mgomo wa kula wakitaka wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa akapigwa hadi akazirai. Kina mama wale wazee wakavua nguo mbele ya askari, na kila aliyelelewa Kiafrika anajua laana hiyo uzito wake.

Hapo ndipo watu wengi huishia kusimulia. Kina mama walirudishwa makwao kwa nguvu, wakarudi tena Nairobi, wakakuta bustani imezingirwa. Wakaingia All Saints Cathedral, jirani na bustani hiyo, na kanisa likawapokea. Walikaa pale karibu mwaka mzima, wakilala katika chumba cha chini cha kanisa, hadi mapema mwaka 1993 wengi wa wafungwa wale walipoachiliwa. Mgomo wa siku chache ungeweza kuzimwa kwa marungu. Uliokoleza mambo ni ule mwaka mzima wa kina mama kuwapo, kila siku, mahali penye paa. Tunawasihi washirika wenzetu mlitafakari hilo kabla hamjasema kwamba kesi za mashamba si kazi ya kanisa.

Kuhusu wazee wanaosingiziwa uchawi tusifichane. Katika kaunti yetu ya Kilifi, mvi zimegharimu watu maisha, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalomezewa mate. Bibi anayejitokeza kumtaja kijana wa ukoo wake anayemtisha anajua atarudi kulala kwenye ukuta mmoja na kijana huyo. Vyumba viwili vitakuwa vya wanaokuja na kuondoka. Cha tatu, chenye mlango wake wa ndani na komeo, tumekitenga kwa ajili ya bibi kama huyo.

Fundi ametukadiria shilingi 1,600,000 kwa mawe ya matumbawe, saruji, mbao, mabati na ufundi. Shilingi 450,000 ni za tangi la maji, vyoo, ua, lango, magodoro na vyandarua. Shilingi 350,000 zilizobaki zitakuwa mfuko wa nauli na nakala za karatasi. Chama chetu kimeshatoa shilingi 310,000, za kuuza viazi karai, mikeka na nazi. Hesabu zitasomwa kanisani kila mwezi na kubandikwa ubaoni, hata ya senti. Wenzetu wawili wamesomea usaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na sheria ya mwaka 2016 ya msaada wa kisheria, nao watakuwapo jioni za kuamkia kesi kumsaidia mama kupanga karatasi zake. Hatutamuuliza mtu dini wala kabila.

Tumeamua pia kwamba harambee hii haitakuwa na mgeni wa heshima mwanasiasa. Mwanasiasa akija na mchango wake tutaupokea na kumpa risiti kama mtu mwingine yeyote, lakini kiti cha mbele kitakaliwa na wajane waliomaliza kesi zao na wako tayari kusimulia. Wanawake ambao kesi zao zingali mbioni hatutawaweka jukwaani, wala hatutaruhusu wapigwe picha.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya ibada ya pili. Kadi za mchango ziko kwa viongozi wa jumuiya, na nambari ya kutuma kwa M-Pesa imeandikwa nyuma ya kadi. Ndugu zetu mlioko Saudia, Qatar na Dubai, wengi wenu mliondoka kwa sababu shamba la mama lilichukuliwa; jamaa zenu nyumbani watawachukulia kadi na kuwatumia picha ya risiti. Asiye na pesa alete mfuko wa saruji, kuku au mbuzi wa mnada, au mikono yake: tutahitaji watu wa kuteka maji na kupikia mafundi. Ahadi pia tunapokea, mradi itimizwe kabla ya Krismasi, kwa sababu fundi anataka kuezeka kabla ya masika. Anayetaka kukiona kiwanja kwanza aje jioni yoyote isipokuwa Jumatatu, aulizie kina mama wa jikoni.