Mama Ipyana, ile blauzi usiifue

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano usiku

Mpendwa Mama Ipyana,

Ugonile, rafiki yangu. Ujumbe wako kuhusu mkono aliouvunja mumeo ulinikuta sokoni. Nilifunga meza yangu ya vitunguu mapema kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Na kinachoniuma kuliko hata huo mkono ni kwamba kikao cha wazee wa ukoo kimeshakaa, mbuzi ameshaliwa, na wewe umeambiwa mambo ya chumbani hayatoki nje.

Mambo gani ya chumbani yanayomfanya mtu afungwe hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Adhabu yenyewe iko kwenye Kanuni ya Adhabu, na huko hawaulizi kama alikulipia mahari au mliishi tu pamoja. Shambulio la kawaida ni hadi mwaka 1 jela. Likikudhuru mwili, hadi miaka 5. Madhara yakiwa makubwa, ya kuharibu vibaya kiungo au afya, hadi miaka 7. Na ikithibitika alikusudia kabisa kukulemaza, anaweza kufungwa maisha.

Mkono wako utaangukia wapi? Hilo linategemea sana daktari atakachoandika kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, na hapo ndipo mimi nilipopoteza haki yangu. Shemeji yako aliponipiga mgongoni kwa mpini wa jembe, nilikaa wiki tatu nikisubiri wazee wamalizane. Nilipokwenda kituoni, michirizi ilikuwa imebaki rangi ya chai iliyopoa. Askari akanitazama, akasema, "Mama, mbona umeshapona?" Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mpaka leo nikiinama kuchota maji, pale pananiuma, lakini hakuna karatasi inayosema nilipigwa.

Wazee wako nawaheshimu. Lakini kesi ya jinai haiwi yako wala ya ukoo, ni ya Jamhuri, na mbuzi haifuti. Hakimu anaruhusiwa kuhimiza mapatano kwenye makosa madogo kama shambulio la kawaida. Kuvunjwa mkono si dogo. Wakikuambia mke hamtolei mumewe ushahidi, usikubali. Aliyeumizwa ni wewe, na sheria ya ushahidi inakupa nafasi ya kusema mbele ya mahakama.

Najua unamwogopa. Najua pia bado unampenda, na Ipyana anamuulizia baba yake kila jioni. Sikulaumu hata kidogo, nami nilipita humo humo. Ila usiniambie tena kwamba ulijikwaa kwenye migomba. Mimi ni mwenzako.

Jumamosi napanda gari la kwanza. Saa tatu asubuhi nitakuwa stendi ya Tukuyu, unisubiri upande wa wauza ndizi. Tutakwenda wote polisi, tuulize Dawati la Jinsia na Watoto, tuchukue PF3, halafu hospitali. Cheti walichokupa siku ile ya kufungwa hogo njoo nacho, na picha ya eksirei kama unayo.

Ile blauzi yenye damu usiifue. Ikunje kwenye gazeti, uiweke mahali asipopajua, uje nayo.

Wako,
Mama Lusajo