Kwa Nini Unalipia Kupimwa kwa Imobilaiza Hata Kama Hatukubadilisha Kifaa

Juma lililopita mteja wetu mmoja wa Tabata alirudi karakana akiwa na risiti yake mkononi. Siku mbili kabla, gari lake aina ya Toyota RAV4 lililetwa likivutwa na gari jingine, haliwaki, na taa ndogo nyekundu ya usalama ilikuwa inamweka kwenye dashibodi hata ufunguo ukiwa ndani ya swichi. Jioni ya siku hiyohiyo aliondoka akiliendesha mwenyewe. Swali lake lilikuwa hili: "Fundi, hapa mmeandika shilingi 80,000, lakini sioni kifaa hata kimoja mlichobadilisha. Nimelipia nini?" Tumeulizwa swali hilo mara nyingi mwaka huu, na tunajua wapo wengine ambao hawakuuliza, wakaenda zao wakiamini kuwa wamedhulumiwa. Tumeona ni haki tulijibu kwa maandishi na kwa kirefu.

Tuanze na gari lake lenyewe. Kabla ya kugusa chochote tulipima betri, kwa sababu betri iliyochoka huleta dalili zinazofanana kabisa na za imobilaiza mbovu, yaani ule mfumo unaolizuia gari kuwaka kwa ufunguo usioutambua: umeme ukishuka mno wakati selfu inazungusha injini, mfumo hushindwa kuusoma ufunguo na taa huanza kumweka. Betri yake ilikuwa na volti 12.6, na wakati wa kuzungusha haikushuka chini ya 10, kwa hiyo tukaiacha. Tukaomba ufunguo wa pili, nao ukakataliwa vilevile. Hapo tukajua kwamba kosa haliko kwenye ufunguo, maana ni nadra funguo mbili kufa kwa pamoja. Mashine ya kupimia ilitoa namba ya kosa B2784, ambayo kwa Toyota inaelekeza kwenye koili ya antena inayozunguka tundu la ufunguo. Fundi anayesoma namba tu angemuuzia koili mpya hapo hapo, risiti ingekuwa na kifaa, na gari lingegoma kuwaka kama mwanzo. Sisi tuliipima koili tukaikuta nzima, kisha tukafuata waya mmoja mmoja mpaka tukafika kwenye soketi yenye pini iliyosukumwa nyuma, inayogusa na kuachia kufuatana na mtikisiko wa barabara. Mtu aliyefunga kifaa cha kufuatilia gari miezi kadhaa nyuma alikuwa amefungua mfuniko wa chini ya usukani, akairudisha soketi kwa nguvu. Kuitafuta pini hiyo kulituchukua saa mbili na nusu, na kuirudisha mahali pake kulichukua dakika chache. Mteja alilipia zile saa mbili na nusu.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, ni lazima kueleza imobilaiza inavyofanya kazi. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo unapoingia kwenye swichi na kuzungushwa, koili inayoizunguka swichi hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kati ya kilohezi 125 na 134, na mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu kwa namba yake ya siri. Namba ikilingana na ile iliyohifadhiwa kwenye mfumo, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huruhusu mafuta na moto wa plagi; isipolingana, huvizuia. Ndiyo maana kubadilisha betri ya rimoti hakusaidii chochote gari linapokataa kuwaka kwa sababu hii, kwa kuwa betri hiyo ni ya kufungia na kufungulia milango tu. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe betri hiyo ina kazi zaidi, lakini hata hayo, betri ikiisha, kwa kawaida huwaka ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki. Mteja wetu mmoja alilipia gari la kuvuta kutoka Kibaha hadi kwetu kwa kutolijua jambo hili, na tulipomwonyesha hatukumtoza hata senti.

Dalili nazo zinachanganywa sana. Ikiwa selfu hailii kabisa na taa za dashibodi zimefifia, angalia betri na vichwa vyake kwanza. Ikiwa selfu inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili kisha inazima, na taa ya ufunguo haizimiki, hapo imobilaiza inashukiwa kwa haki. Na ikiwa taa ya ufunguo inazima kama kawaida, basi ufunguo umekubaliwa na tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwingine, mara nyingi pampu ya mafuta au rilei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho kimefungiwa rilei ya kukata mafuta. Rilei hizo zilizofungwa kwa kusokota waya na kuzungushia utepe tumezikuta kwenye magari mengi mno yaliyoletwa kwetu kwa jina la imobilaiza.

Sasa tuje kwenye njia za mkato, kwa sababu hizo ndizo zinazowala wateja wetu fedha. Ndogo kuliko zote ni kubadilisha kava la ufunguo lililopasuka. Kava jipya linauzwa kwa bei ndogo barabarani, na kazi ni ya dakika tano, lakini katika funguo nyingi chipu imekaa peke yake, kipande cheusi chenye ukubwa wa punje ya mhindi, mbali na ubao wa rimoti. Kijana wa barabarani huhamisha ubao, hujaribu milango ikafunguka, kisha kava la zamani hutupwa pamoja na chipu. Kaka mmoja alitufikia akiwa amekwisha kununua betri mpya na kubadilisha pampu ya mafuta, na kosa lake lilikuwa kwenye pipa la taka la mtu mwingine. Ukibadilisha kava, ondoka na kava la zamani mfukoni hadi gari lako liwake mara kadhaa.

Njia ya mkato iliyo ghali zaidi ni kununua kontroli boksi iliyotumika. Mteja huambiwa kwamba yake imekufa, na kwamba ipo nyingine ya gari kama lake kwa shilingi 300,000. Anachokosa kuambiwa ni kwamba boksi hiyo ilikwisha kufundishwa funguo za gari ilikotoka na haizijui zake, hivyo ikifungwa gari litakataa vilevile, safari hii likiwa na matatizo mawili. Mzee mmoja wa Mbagala alinunua boksi mbili kwa mfuatano huo, na ya pili ilikuwa ya gari la giaboksi tofauti. Alipofika kwetu tulimwomba arudishe ile ya asili, ambayo kwa bahati nzuri alikuwa bado anayo. Tuliipima tukakuta haina kosa lolote. Lililokuwa limeungua ni fyuzi moja, iliyoungua siku jirani yake alipombusti kwa umeme wa betri ya gari lake, akakosea nyaya. Fyuzi huuzwa kwa bei ya soda, ilhali yeye alikuwa amekwisha kutumia zaidi ya shilingi 600,000. Hatusemi kwamba kontroli boksi haifi. Hufa, hasa gari likiingia kwenye maji ya mafuriko kama yanayojaa Jangwani kila masika, na ikifa tunaibadilisha. Lakini tunapoibadilisha tunabandua kwa hewa ya moto kile kipande cha kumbukumbu chenye miguu minane kwenye boksi zote mbili, tunasoma data yake, tunahifadhi nakala ya asili kabla ya kuandika chochote, ndipo tunailinganisha na funguo za mteja. Nakala hiyo tunaitunza, kwa sababu kosa moja katika uandishi bila nakala linaweza kuifanya boksi isifae tena. Kazi hiyo haiwezi kuwa ya bei sawa na kufunga boliti nne.

Njia ya tatu inatuumiza zaidi kwa sababu mteja huiona kuwa ya akili. Chipu ya ufunguo wa akiba hutolewa na kubandikwa kwa gundi au utepe karibu na koili, chini ya mfuniko wa usukani, ili gari liwake kwa ufunguo wowote wa chuma uliochongwa bila chipu. Ni kweli kwamba gari litawaka. Litawaka pia kwa mwizi atakayeivunja swichi kwa bisibisi, kwa kuwa ulinzi umewekwa ndani ya gari umngoje. Nchini Marekani magari mengi ya Kia na Hyundai yaliuzwa bila imobilaiza, na kuanzia mwaka 2021 vijana walioonyeshana kwa video namna ya kuyawasha waliyaiba kwa wingi kiasi kwamba baadhi ya kampuni za bima zilikataa kuyakatia bima. Anayebandika chipu amelirudisha gari lake katika hali hiyohiyo kwa hiari. Tena utepe hauvumilii joto la jua la Dar es Salaam: tuliitwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni kumsaidia dada mmoja ambaye gari lake lilizima na kukataa kuwaka, magari yakipiga honi nyuma yake, na tulipofungua tukaikuta chipu imedondoka. Hakujua kama ilikuwepo, maana gari alilinunua likiwa hivyo.

Kuhusu Nissan lazima tuseme neno moja tu. Ukiwa na ufunguo mpya ambao haujasajiliwa, usirudierudie kuuzungusha ukitumaini kwamba utakubalika, kwa sababu kwenye mifumo yao mingi, baada ya majaribio matano ya ufunguo usiojulikana, kontroli boksi hujifunga yenyewe na kuandika namba ya kosa P1610. Kuifungua kunawezekana kwa ufunguo sahihi na hatua zake, lakini mteja hulipia muda huo.

Magari mengi tunayoyanunua kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja. Mengine yana imobilaiza na mengine hayana, hata yakiwa ya jina moja na mwaka mmoja, kwa hiyo usikisie kwa kutazama gari la jirani. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili kwetu ni shilingi 150,000 pamoja na kuchonga na chipu. Ukipoteza wote, bei inaanzia shilingi 350,000, kwa sababu hakuna ufunguo wa kuutambulisha mpya kwenye mfumo na mara nyingi tunalazimika kufungua boksi na kusoma kumbukumbu kama tulivyoeleza. Bei zote mbili zinatokana na kazi iliyomo. Kabla ya kutengeneza ufunguo wowote tutaomba kadi ya gari na kitambulisho chako, na wapo wateja wa siku nyingi waliokasirika kwa kuombwa. Tunawaomba radhi, lakini hatutaacha kuomba, kwa kuwa ufunguo tunaoutengeneza unaweza kuondoka na gari la mtu mwingine.

Mama wa Tabata tulimwonyesha soketi yenyewe, tukamwonyesha na picha ya pini kabla na baada ya kurekebishwa. Alituambia kwamba kama risiti ingeyaeleza hayo asingerudi, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa: tulikuwa tumeandika "imobilaiza" na kiasi cha fedha, basi. Kuanzia mwezi huu kila risiti ya kupima itaambatana na karatasi inayoonyesha volti za betri tulizozikuta, namba za makosa zilizosomwa, sehemu tulizozipima zikawa nzima, sehemu tuliyoikuta na kosa, na muda uliotumika. Ukija, njoo na funguo zote ulizonazo, hata ule unaodhani umekufa, na kava la zamani kama ulilibadilisha.