Hedhi inapoanza kuaga mbona hatuambiani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wanawake wenzangu, na waume zao pia kama wanasoma. Ukivunja ungo wakubwa wanakuita pembeni wanakufundisha, lakini hedhi inapoanza kuaga hakuna anayekuita, unabaki kudhani unaumwa. Mimi ilianza nina miaka 46, mara siku zinakuja baada ya wiki 3 mara miezi 2 kimya, usiku naamka shuka limelowa jasho, nikawa mkali kwa watoto bila sababu, yani hadi nikapima mimba mara mbili.

Kumbe estrojeni, ile homoni ya kike inayoendesha hedhi, haizimi siku moja kama wengi tunavyofikiri, inapanda na kushuka ovyo kwa miaka, wengi kama 4 hivi na wengine zaidi, manake miezi mingine yai linatoka na mingine halitoki. Ndo maana mimba bado inaweza kuingia. Hedhi inahesabiwa imekoma ukishamaliza miezi 12 mfululizo bila damu, kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya 40 muone daktari, mifupa inahitaji hio homoni.

Sasa kilichoniuma. Damu ilianza kutoka nyingi, ya mabonge, pedi haimalizi saa moja, na kila niliyemwambia alinijibu ni umri huo vumilia utapita. Nilipokuja kupimwa, kiwango cha damu mwilini kimeshashuka vibaya, ngazi chache tu nahema. Jamani umri sio jibu! Damu ya namna hio lazima ichunguzwe, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi. Na ile inayotoka baada ya mwaka mzima wa kimya, hata matone, usiisubiri, mara nyingi sio kitu kibaya lakini wakati mwingine ndo dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi, na ikiwahiwa inatibika.

Mhariri, tutafutieni daktari awe anajibu maswali yetu kwenye ukurasa wa afya, atueleze tiba ya homoni inamfaa nani na nani haimfai, alafu asiogope kutaja ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo, hayo ndo tunayoona aibu kuuliza na dawa zake zipo.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.